Dermatoskopu ya mkononi: mwaka mzima nikiwa nayo mfukoni

Mimi ni tabibu, si bingwa wa ngozi. Dermatoskopu, kifaa cha kukagulia madoa ya ngozi kwa karibu, inaenea kiganjani: lenzi inayokuza mara 10, taa za poleraizi (zinazoondoa mng'ao juu ya ngozi), na sumaku ya kukinatisha kwenye simu upige picha.

Mzee mmoja alikuja na doa jeusi kisiginoni. "Mwanangu, hili nilikanyaga jiwe tu." Kwa macho matupu nami ningeafiki. Nilipoweka lenzi, unyayo ukafunguka kama shamba la matuta: mifereji myembamba, matuta mapana, na juu ya matuta vitundu vya jasho vyeupe vimejipanga kama shanga. Weusi ulikuwa umelala juu ya matuta. Nikapaka wino wa kalamu, nikaufuta. Wino ukabaki kwenye mifereji tu, pembeni mwa ule weusi. Rangi ikifuata mifereji, mara nyingi ni baka tu lisilo na madhara. Ikishika matuta, shuku melanoma, saratani ya ngozi. Damu iliyovilia nayo huweza kukaa hapo, lakini huwa na wekundu ndani yake na ukiikwangua taratibu hubanduka. Hii haikubanduka. Nikaandika rufaa siku ileile, kinyama cha kupimwa kikakatwa, maabara ikathibitisha ni melanoma. Ilikuwa bado haijazama.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, saratani hii hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayekagua. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu. Iligunduliwa 1977, na 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Kila nikimwambia mgonjwa avue soksi namkumbuka.

Kasoro zipo. Sumaku haishiki simu ikiwa na kava nene. Mwanga wa poleraizi huficha vile vijilulu vyeupe vinavyotambulisha vinundu vya uzeeni visivyo na madhara. Hapo nazima poleraizi, napaka jeli na kugusisha lenzi kwenye ngozi. Na ile programu ya simu inayokuja nacho, inayotoa jibu "salama" au "hatari", nimeifuta kabisa. Iliwahi kuniambia "salama" kwa uvimbe uliokuwa unatoa damu! Doa la kushuku huamuliwa na kinyama maabara, basi.

Nisingekirudisha. Mzee alikuja juzi kukaguliwa. Nilipogeuka kuchukua lenzi, alikuwa keshavua viatu vyote viwili.