Washauri elekezi na mikutano ya taka hatarishi Dar: karatasi nzuri, masikio mazito

Kwa dampo la taka hatarishi au tanuri la kuchomea taka za hospitali, washauri elekezi wa Dar es Salaam huuza ushirikishwaji wa wananchi kama kifurushi: mabango, tangazo la gazeti na redio, mkutano wa hadhara, kisha sura yake kwenye ripoti ya athari za mazingira inayokwenda NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Kwa makaratasi, nyota nne kati ya tano. Kwa kusikiliza, mbili.

Kosa kubwa ni kuita mitaa inayopakana na kiwanja tu. Eneo likiwa upande wa Pugu, hiyo haitoshi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo, unapita Vingunguti na Jangwani, ndipo uingie baharini. Na magari ya taka kutoka mjini yatapita Barabara ya Nyerere. Tanuri nalo lina upepo wake. Ramani ya moshi iliyochorwa kwa kusi peke yake inawasahau walio kusini mwa bomba, ambao kaskazi ikivuma moshi utawaangukia wao. Ukiwa mwenye mradi, idai ramani ya misimu yote miwili kabla ya kusaini mkataba na mshauri.

Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwakosa wachuuzi na vibarua. Soda na posho vinajaza viti, havileti maswali.

Swali la kwanza huwa kisima. Mtaalamu akijibu "teknolojia ya kisasa", mkutano umeharibika. Aeleze tabaka kwa tabaka: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi nene ya plastiki, mabomba ya kukusanya maji machafu, na visima vya uchunguzi, angalau kimoja maji ya ardhini yanakotoka na viwili yanakoelekea. Visima vya majirani vipimwe kabla ya ujenzi, masika na kiangazi. Bila vipimo hivyo, baadaye hakuna atakayethibitisha nani kachafua. Kwa tanuri, moshi wa taka zenye klorini nyingi unahitaji kukaa kwenye nyuzi 1100 za Selsiasi kwa sekunde 2 au zaidi. Umeme ukikatika katikati ya uchomaji itakuwaje? Wengi hapo hugugumia.

Angalia pia fomu ya mahudhurio. Isipoandikwa juu kabisa kwamba saini si ridhaa, itageuzwa ridhaa.

Malipo ya mshauri yagawanywe, na awamu ya mwisho itolewe baada ya mkutano wa mrejesho, muhtasari wa Kiswahili ukiwa umebandikwa ofisi ya mtaa.