Uzoefu wangu na yadi ya kuhifadhi boti wakati wa baridi: tundu moja limeniulia injini

Nimechelewa kuandika haya nikingoja hasira ipoe. Haijapoa.

Mwishoni mwa msimu uliopita niliwakabidhi boti waitoe majini, waiandae kwa baridi na kuitunza yadini mpaka barafu iyeyuke. Turubai walilifunga vizuri, hilo siwanyimi. Walilinyanyua katikati ili theluji iteleze, na kamba wakazipitisha chini ya tumbo la boti badala ya kuzifunga kwenye viguzo vinavyoishikilia. Ukifunga kwenye viguzo, siku upepo ukivuta turubai na kiguzo kinachomoka, boti inalala ubavu. Betri nazo walizijaza chaji, kwa sababu betri iliyoisha chaji huganda upesi. Hadi hapo ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Sasa injini. Yangu hupozwa na maji yanayovutwa moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo kabla ya baridi ni lazima maji yote yatolewe kwenye bloku, yaani lile pande kubwa la chuma la injini. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma hakiyapishi, kinapasuka. Nilikuwepo fundi alipofungua vizibo. Upande wa kulia maji yalimwagika kwa kishindo. Kushoto yakadondoka matone matatu, manne, basi.

Nikamwambia, "Fundi, hebu chokonoa na waya, kutu imeziba hapo."

Hata kunitazama hakunitazama. "Mzee, kazi hii nimeianza zamani. Hayo yameisha."

Nikasisitiza. Akanijibu kwamba kama simwamini nishike spana mwenyewe, na mwenzake akacheka. Waya ulikuwa juu ya benchi, hatua mbili tu kutoka niliposimama! Kisha akamimina kulanti, ile dawa ya kuzuia kuganda, juu ya maji yaliyobaki, kana kwamba hajui kwamba ikichanganyika na maji mengi inakuwa hafifu na haizuii kitu.

Baridi ilipokaza, usiku nilikuwa nalala nikiuwaza ule upande wa kushoto.

Theluji ilipokwisha tukawasha. Iliwaka, nikafurahi kama mtoto. Baada ya muda nikachomoa kijiti cha oili: oili nyeupe kama maziwa, yaani maji yameingia ndani yake. Ufa uko kushoto, mrefu kuliko kiganja changu.

Ofisini wakaniambia baridi ya safari hii haikuwa ya kawaida, kila mtu ameumia. Si kweli. Boti iliyokuwa pembeni ya yangu ina injini ya aina ile ile, imepigwa na baridi ile ile, na ni nzima. Iliandaliwa na fundi mwingine, binti mmoja mpole. Ndiye aliyekuja baadaye bila kuitwa, akaingiza waya mbele yangu, magamba ya kutu yakatoka, maji yakafuata. Akasema, "Samahani baba, hili lilikuwa la dakika moja."

Nilikuwa nimeamua kusema msiende kabisa. Kwa ajili yake nasema nendeni, lakini ombeni awahudumie yeye. Nyota tatu basi, pamoja na turubai. Hapana, nikikumbuka kile kicheko, siwezi. Nyota moja, na hiyo moja ni ya binti yule.

Kuhusu kunilipa bloku, bado wananiambia nisubiri.