Nimetoka bastola ya mtutu wa inchi 2 kwenda ya inchi 4, na sirudi

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini. Watu wa Kusini wanajua mambo yalivyo msimu wa korosho: minada ikishaanza Oktoba na wakulima wa Tandahimba na Newala wakalipwa, wanashuka mjini kutafuta bati na saruji, na wengi bado wanalipa taslimu. Ijumaa jioni benki imefungwa, pesa imo ndani, na mimi na wanangu watatu tumo humohumo. Ndiyo sababu niliomba kibali cha silaha. Nilianzia serikali ya mtaa, nikafika polisi, nikasubiri sana, nikapata.

Nilikosea kwenye kuchagua. Nilichukua rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi 5 za aina ya .38 Special, mtutu wa inchi 2. Ilikuwa ndogo, haifiki gramu 600, na muuzaji aliisifia mno. Siku ya kwanza ya shabaha, Dar es Salaam, nilijuta. Kila nikifyatua mkono unaruka juu, kiganja kinawaka moto, na kwa mita 10 matundu yalitapakaa karatasi nzima. Nilipofungua silinda na kusukuma maganda ya risasi, mawili yakadondoka, matatu yakabaki yananing'inia, nusu ndani nusu nje. Nikawa nayachokonoa kwa ukucha wa kidole gumba, vidole vinatetemeka, na pale ilikuwa saa nne asubuhi, hakuna mwizi wala giza. Fimbo ya kusukumia maganda inakaa chini ya mtutu. Mtutu ukiwa mfupi, na fimbo inakuwa fupi, haimalizi kulitoa ganda.

Mzee anayetufundisha aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Bwana mdogo, hii imetengenezwa ya kufichwa kiunoni. Wewe nyumbani kwako unamficha nani?" Sikuwa na jibu.

Kisha akanichorea hesabu kwenye kipande cha boksi, na hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye rivolva fupi, kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana kama sentimita 10. Kilengeo cha mbele kikienda pembeni milimita 1 tu, kwa mita 10 risasi inapotea sentimita 10. Kwenye mtutu wa inchi 4 nafasi hiyo inafika kama sentimita 15, na kosa lilelile linakupoteza chini ya sentimita 7. Mkono ni uleule, macho ni yaleyale.

Ile ya kwanza niliirudisha kwa taratibu za polisi, nikachukua Smith & Wesson Model 10, risasi 6, inchi 4. Ni bastola ya kizamani, ukoo wake unaanzia 1899, na polisi wa nchi nyingi wameibeba kiunoni. Inakaribia kilo moja. Uzito ule nilioukimbia mwanzoni ndio unaotuliza mkono sasa: nafyatua, mtutu unanyanyuka kidogo, unarudi palepale. Maganda yote sita yanatoka kwa msukumo mmoja. Mara ya tatu kwenda shabaha, risasi zangu 6 zilikaa ndani ya eneo la kisosi cha chai. Nilikitunza kile kikaratasi.

Nilijaribu pia ya inchi 6 ya mwenzangu. Kwa shabaha ni tamu, sikatai, inalenga kuliko yangu. Lakini korido ya nyumba yangu haifiki mita moja upana, na mtutu mrefu hivyo kwenye kona unatangulia kabla yako, mtu anaweza kuudaka. Wenye nyumba ndogo za mjini haiwafai.

Wengine watakushauri .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi. Rivolva yake inameza pia .38 Special, hilo ni zuri kwa mazoezi. Ila risasi yenyewe ya .357 ndani ya chumba ni mshindo wa kuumiza masikio, na inapenya milango yetu ya mbao kwa nguvu kuliko .38, ambayo nayo mbao haiizuii. Nyuma ya mlango wangu wanalala watoto. Nimebaki na .38, na kabla yake kuna grili, kuna taa ya nje, kuna majirani wa kuitwa kwa yowe. Bastola inakaa kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani, ufunguo ninao mimi.

Lalamiko langu ni kutu, na kosa ni langu. Niliihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi msimu mzima wa masika. Ngozi inashika unyevu, na huku upepo wa bahari unafika hadi kabatini. Nilipoitoa, kulikuwa na madoa mekundu chini ya mtutu, mithili ya punje za ulezi. Yalitoka kwa mafuta na kitambaa, lakini alama zimebaki. Sasa inalala bila ala, naipangusa kila Jumapili. Ukiishi Mtwara, Lindi au Kilwa na ukaipata ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya inchi 4 hiyohiyo, ongeza pesa uichukue.