Injini mpya kwenye mashine kuukuu ya majani: wiki kumi baadaye

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Karibuni uani kwangu, Chumbageni, Tanga. Hao mnaowasikia nyuma ni kuku wa jirani, mtanisamehe.

Mji wetu mnaujua, waja leo waondoka leo. Hii mashine ya kukata majani ililetwa na mgeni aliyepanga Raskazone. Yeye akaondoka, mashine ikabaki kwangu. Ni ya kusukuma, kisu inchi 21, bodi ya chuma, na injini yake ilikuwa ya Kimarekani, ya zamani. Imenilisha miaka mitatu. Mwaka huu masika yakiwa yamekolea, ukoka umefika magotini na wateja wanapiga simu, ikanifia mikononi. Nikafunga injini nyingine, leo wiki ya kumi, na nimekuja kuwaambia kama hela yangu imerudi.

Tuanze na marehemu. Dogo, sogeza kamera hapa. Mnaliona hilo tundu ubavuni? Vidole viwili vinaingia. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikatika, ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, ikatokea nje. Kosa langu mwenyewe. Injini nyingi za aina hii hazina pampu ya kupeleka oili kila mahali kama gari. Ndani kuna kigurudumu chenye mabawa, kazi yake kuchota oili chini na kuirusha juu. Oili ikipungua, kinarusha upepo. Sasa mimi siku nne sikupima oili, halafu nikaingia nayo kwenye ule mteremko wa kushukia baharini, hata hicho kidogo kilichobaki kikaenda upande mmoja. Nikasikia ka-ka-ka, kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo. Kisha kimya. Nikajua.

Bloku ikishatoboka hivyo, habari ya ringi na gasketi imekwisha. Ni injini nzima au uiuze chuma chakavu.

Basi nikaenda dukani, nikasema nataka injini ya petroli, hospawa tano. Nikapewa ya pampu ya maji. Nikauliza, hii itakaa kwenye mashine ya majani? Muuzaji akaniambia, "Kaka, injini ni injini." Nikaamini, nikafunga boksi kwenye kerea ya baiskeli mpaka Ngamiani kwa fundi wangu, mzee mmoja tunamwita Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Injini."

Akaitazama, hata hakuinama. "Shafti hii inatokea ubavuni. Kisu utakifunga wapi mwanangu, ukutani?"

Nyie mnaocheka chekeni, lakini hapa ndipo watu wanapoliwa. Injini ya pampu na ya jenereta shafti yake, kile chuma kinachozunguka, imelala. Ya mashine ya majani ya kusukuma inasimama, inashuka chini kupitia bodi na kisu kinafungwa kwenye ncha yake. Na usiseme utailaza injini ya pampu ubavu ili shafti itazame chini. Oili itakimbilia kusikotakiwa, na kabureta ya namna ile haifanyi kazi ikiwa imelazwa. Nikairudisha. Wakanikata elfu ishirini eti boksi limefunguliwa.

Safari ya pili Babu akanituma na karatasi. Alishika kaliipa akapima shafti ya zamani: kipenyo milimita 22.2, yaani inchi 7/8. Andika hiyo, maana madukani kuna za 22.2 na kuna za 25, ukiziweka mbalimbali kwa macho hutazijua. Ukichukua ya 25, ile bosi inayoshika kisu haiingii. Ukichukua nyembamba kuliko bosi, utashawishika kuiwekea bati, na nakuomba usifanye hivyo. Kisu cha inchi 21 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Kitu cha mwendo huo hakishikwi na bati la kopo.

Urefu wa shafti nao ni jambo. Ya zamani ilikuwa na milimita 80, niliyoipata ina 62. Kwa hiyo kisu kimepanda milimita 18 ndani ya bodi. Nikapandisha magurudumu tundu moja ili bodi ishuke, majani yakarudi kukatika kimo kile kile. Lakini kabla ya hapo tulichomoa waya wa plagi, tukakizungusha kisu kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima, kuona kama kinagusa vichwa vya boliti. Kilikuwa kinagusa kimoja! Tukageuza boliti, nati ikakaa juu. Ingewashwa vile vile, leo msingekuwa mnanitazama nimekaa hapa.

Matundu matatu ya kufungia injini, kwenye bodi yangu yamekaa kwenye duara la inchi 8. Mawili yalikubali, la tatu likagoma, Babu akatoboa jipya kwa drili. Robo saa.

Haya, injini yenyewe. Ni ya Kichina, ya muundo wa Honda GXV160, cc 163, vali ziko juu. Jina la kwenye stika sitalitaja, kwa sababu injini hii hii ukienda duka la pili utaikuta na stika nyingine na rangi nyingine. Mimi nilitoa laki tatu na themanini.

Uzuri wake: inawaka. Kamba moja, mbili ikiwa ni asubuhi na nimesahau choki. Ile ya zamani ilikuwa inanitoa jasho kabla sijakata hata jani moja. Petroli inakula kidogo kuliko ile. Uwanja ule ule niliokuwa nikijaza tangi mara mbili, sasa najaza mara moja na inabaki. Kwenye majani mazito yenye umande inavuta, haizimiki ovyo.

Ubaya unao. Plagi iliyokuja nayo niliitoa siku ya tatu, ilikuwa inakatakata moto, nikaweka nyingine nzuri, ikatulia. Waya wa mafuta wa zamani haukufika kwenye kabureta, ikabidi tununue waya wa breki ya baiskeli. Tanga hatukosi waya wa baiskeli! Linaloniudhi hasa ni breki. Mashine yangu ilikuwa na ule mkono wa juu, ukiuachia injini inakamatwa na kisu kinasimama. Marekani sheria inataka hivyo tangu 1982, kisu kisimame ndani ya sekunde 3. Hii injini niliyopewa haina breki kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Ukizima, kisu kinaendelea kuzunguka, mimi nahesabu mpaka tisa, kumi. Kwa hiyo nyumba yenye watoto siinui mashine, sisogei, nasimama hapo hapo mpaka kitulie. Ukiikuta yenye breki ikazidi elfu hamsini, toa hiyo elfu hamsini.

Ngojeni kidogo, adhana.

Haya. Nilikuwa nataka kusema kuhusu oili, na hapa nisikilizeni vizuri. Injini hizi zinakuja kavu. Ndani hakuna tone. Kuna kikaratasi kimefungwa kwenye kamba, na mtu wa kwanza kukikata ni mwenye haraka. Weka oili ya SAE 30, nusu lita na ushee, halafu upime kwa kijiti mashine ikiwa mahali sawa. Usimimine chupa nzima ya lita, itakutolea moshi mweupe mtaa mzima ujue. Baada ya saa tano za kazi imwage. Ya kwangu ilipotoka niliikinga kwenye beseni jeupe, ikawa inameremeta kama ile rangi ya kucha ya harusini. Ule ni unga wa chuma, vipande vipya vinajuana. Ya pili ilitoka bila kumeremeta, nikalala usingizi.

Na ukiilaza mashine kusafisha chini, upande wa chujio la hewa na kabureta uwe juu. Ukikosea, oili inaingia kwenye chujio, kesho unamlaumu fundi.

Sasa je, nawe ubadilishe? Usiitazame injini kwanza. Pindua mashine, chukua bisibisi, bonyeza bodi pale injini inapokaa. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na majani mabichi yakigandia chini yanaila kwa ndani wewe unaona rangi nzuri juu. Bisibisi ikizama, acha, hiyo laki tatu na themanini ongezea ununue mashine nzima. Kwangu bodi iligonga ngumu kila mahali ila pembe moja, nikaichomelea kiraka. Jumla yote, na waya, na plagi, na chakula cha mchana cha Babu, ni laki nne na thelathini. Mpya ya kisu hiki niliyoiulizia walitaka laki tisa, na bodi yake ni bati jembamba, ukiligonga linalia kama debe.

Nyumba zangu sita za Raskazone zimerudisha hela yote wiki ya saba. Hela za wiki tatu hizi zilizofuata ni zangu na mama watoto.

Kuna mtu atasema naongea tu, hajaisikia. Dogo, wafukuze hao kuku, simama nyuma yangu, usisimame upande wa kutokea majani. Navuta kamba moja tu, mhesabu.