Filamu za msiba hukatwa kabla hazijaisha: uzoefu wangu na huduma hii

Nyota mbili, na hapo nimejizuia. Filamu zenyewe ningezipa tano bila kusita. Hasira yangu yote ni kwa kicheza video cha huduma hii ya kutazama filamu mtandaoni, ambacho kinamkatiza mwongozaji pale anapofikia neno lake la mwisho, na kwa watu wa huduma kwa wateja, ambao ukiwaeleza wanakujibu kana kwamba unadai anasa.

Naongelea ule mkusanyiko wao wa filamu fupi za waongozaji wanawake wanaochipukia, zote kuhusu kufiwa na kiwewe. Kuna moja humo, dakika kumi na moja hivi. Binti amefiwa na mama yake, na kwenye simu kuna ujumbe wa sauti wa mama ambao hajaufungua. Filamu nzima anauzunguka ujumbe huo. Anachaji simu, anailaza kifudifudi mezani, anafuta picha moja baada ya nyingine ili apate nafasi, lakini ujumbe haugusi. Mwishoni anabonyeza. Picha inazimika, skrini nyeusi tii, na ndani ya weusi huo mama anaanza kuzungumza.

Sasa ona wanachokifanya. Picha ikizimika tu, kisanduku cha "Inayofuata" kinachomoza kwenye kona, kinahesabu kuanzia tano kurudi nyuma, na mama anakatwa akiwa ndiyo kwanza anamwita mwanawe kwa jina. Kinachoingia ni trela ya mkusanyiko mwingine, muziki juu. Dakika kumi zote zilijengwa ili ufike kwenye sauti ile, na ndiyo uliyonyang'anywa.

Chanzo cha tatizo hakina fumbo lolote. Kila filamu kwenye huduma za aina hii hupewa alama ya mahali inapoanzia ile orodha ya mwishoni ya majina ya walioitengeneza, ili mtazamaji apelekwe kwenye inayofuata. Kazi hiyo ikiachiwa programu, njia rahisi ni kutafuta mahali picha inapokuwa nyeusi. Chukua blackdetect, kitafuta-weusi cha FFmpeg, programu huria inayojulikana na kila anayeshughulika na faili za video: kwa mpangilio wake wa awali, asilimia 98 ya nukta za picha zikiwa chini ya kizingiti cha weusi kwa sekunde 2, inaandika "weusi". Sauti haiisikilizi kabisa. Mama anaweza kuongea dakika nzima, kwake hapo hakuna kitu. Njia nyingine ni kuweka alama kwa asilimia ya urefu, nayo ni mbaya vilevile kwa filamu fupi. Asilimia 3 za mwisho za filamu ya dakika 100 ni dakika 3, na kwa kawaida hapo majina yameshaanza kupanda. Asilimia 3 za filamu ya dakika 11 ni sekunde 20 hivi, na ndani ya sekunde hizo mwongozaji mzuri huwa bado anafanya kazi.

Na filamu za msiba ndizo zinazoumia kuliko zote, kwa sababu weusi wenye sauti ni nyenzo yao kuu. Ukimwondolea mtazamaji picha, anasikia pumzi, anasikia mlango, anasikia aliyekufa. Mhariri anayejua kazi yake anaweza kuushikilia weusi huo kwa sekunde thelathini au arobaini, akijua kabisa kwamba pale ndipo moyo wa mtazamaji unaposhuka.

Niliwaandikia. Nikawapa jina la filamu, dakika na sekunde ambapo kisanduku kinatokea, na sekunde ambapo sauti ya mama inaisha. Jibu: filamu imekamilika, sehemu iliyobaki ni orodha ya majina. Nikaandika tena kwamba kuna mtu anaongea pale, wafungue wenyewe wasikilize. Jibu la pili likawa nisafishe kashe, yaani data za muda zilizohifadhiwa na programu, na niiwashe upya, kisha wakafunga malalamiko kana kwamba yametatuliwa. Ni kumpigia mbuzi gitaa. Nina hakika hakuna aliyefungua filamu ile hata mara moja kabla ya kunijibu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko hitilafu yenyewe.

Hata ingekuwa kweli ni majina tu, bado isingekubalika. Filamu fupi za wanaoanza hutengenezwa na watu wachache, wengi wao kwa malipo madogo au bila malipo, na ile orodha ya mwisho ndiyo hati yao ya kazi. Mtayarishaji akipenda uhariri, jina la mhariri analitafuta pale. Mwongozaji Jane Campion alichukua Palme d'Or, tuzo ya juu ya tamasha la Cannes, ya filamu fupi mwaka 1986, ya filamu ndefu akaichukua 1993. Mwenzake Andrea Arnold alipata Oscar ya filamu fupi mwaka 2005, kabla hajatoa filamu yake ndefu ya kwanza. Kwa wanawake wengi mlango ni huu, halafu huduma inayojitangaza kwamba inawainua inaufunga kwa sekunde tano.

Kuna pia maneno ya kumkumbuka marehemu. Filamu za aina hii mara nyingi humalizika na mstari mmoja, jina la marehemu, wakati mwingine na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Zile za ukatili na kiwewe huweka maelezo ya mahali pa kupata msaada. Vyote hivyo vinakuja baada ya weusi, kwa hiyo vyote vinaliwa. Mtu aliyeguswa kidonda chake ananyimwa namba ya msaada, anapewa trela.

Na trela yenyewe inapiga kelele. Filamu iliyochanganywa sauti kwa utulivu inaweza kukaa karibu na LUFS -27 (kipimo cha ukubwa wa sauti; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi), na trela ya mtandaoni hubanwa, yaani sauti zake za chini hupandishwa zikaribiane na za juu, hadi karibu na -14. Hiyo ni tofauti ya desibeli 13, wakati desibeli 10 peke yake sikioni husikika kama sauti imeongezeka maradufu. Dawa yake ni kuishusha trela. Filamu isiguswe, maana ukiibana ili ipande, pumzi na ukimya vinapanda pamoja na maneno, na kazi yote ya mchanganya sauti imekwenda.

Nisiwanyime haki yao, lakini. Aliyechagua filamu hizi anajua anachokifanya, na sijaona mkusanyiko mwingine uliopangwa kwa uangalifu hivi. Hakuweka vifo vitatu mfululizo. Baada ya filamu ya mama aliyepoteza mtoto kuna ya katuni isiyo na maneno, fupi, inayokuacha upumue, ndipo inaingia ya ukatili wa nyumbani. Tahadhari za mwanzoni zinataja kitu chenyewe, kifo cha mtoto, kujiua, ubakaji, badala ya ile "maudhui yanayoweza kusumbua" isiyomsaidia yeyote. Manukuu yamefanywa na mtu mwenye sikio: hayazidi mistari miwili, yanaondoka mhusika anaponyamaza, hayabaki yakining'inia juu ya ukimya. Kwa mambo hayo nilikuwa tayari kupandisha hadi nyota nne.

Halafu unakumbuka kwamba kazi yote hiyo ya mchaguzi inavunjwa na kicheza video kila baada ya dakika kumi. Mpangilio wa filamu hauna maana kama kati ya filamu na filamu umepachikwa tangazo. Kwenye ukumbi huwekwa nafasi ya giza hapo, hata sekunde chache. Hapana, nne hazistahili. Wala mbili, kwa kweli.

Kwa anayetaka kuzitazama hata hivyo, na ninasema zitazame, fanya hivi. Mahali pa kuzima filamu inayofuata isijicheze yenyewe usipatafute kwenye programu ya runinga, hawakupaweka huko. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, fungua mipangilio ya uchezaji, uzime "cheza inayofuata" na "cheza trela". Vinazimwa kwa kila wasifu peke yake, kwa hiyo kama mnatumia akaunti moja watu kadhaa, kila mmoja azime wa kwake. Kisha toka kwenye akaunti kwenye runinga na uingie upya, la sivyo inaendelea na mpangilio wa zamani. Hata hapo kisanduku bado kinaweza kutokea, kikiwa hakihesabu tu. Njia iliyo safi kuliko zote ni kupakua filamu moja kwenye simu au tableti, kuzima intaneti, na kutazama kwa spika za masikioni. Kisichopakuliwa hakiwezi kurukiwa.

Kwa waongozaji: mnapokabidhi faili, andikeni kwenye hati ya makabidhiano, kwa saa, dakika, sekunde na fremu, mahali filamu inapoishia na mahali majina yanapoanzia, na mdai alama iwekwe kwa mkono. Nimeona watu wakishauriana kuupa weusi mwanga kidogo ili programu isiutambue. Haisaidii. Kizingiti cha awali cha blackdetect ni asilimia 10 ya kiwango cha mwanga, yaani takribani 38 kwenye skeli ya 16 hadi 235, na ukifika hapo huna weusi tena, una kijivu. Kinachoweza kufanya kazi ni kuacha zaidi ya asilimia 2 ya picha ikiwa na mwanga, na kwenye fremu ya 1920 kwa 1080 hizo ni nukta elfu arobaini na moja na ushee, sawa na mraba wa nukta 204 kwa upande. Mstari mmoja mwembamba wa maandishi kwa kawaida haufiki hapo. Lakini kwa nini mwongozaji aharibu picha yake ili kumridhisha roboti? Huduma iajiri mtu mmoja akae na filamu hizi, azitazame hadi fremu ya mwisho, aandike namba. Kwa mkusanyiko mdogo kama huu ni kazi ya siku moja au mbili.

Nimeweka nyota moja. Usajili sijaufuta, kwa sababu filamu hizi zikimaliza mzunguko wa matamasha nyingi hazionekani tena popote, na kuufuta ni kuwaadhibu waongozaji. Nimeuhamisha kutoka wa mwaka kwenda wa mwezi, na kila mara kabla ya kulipia nitafungua ile ya ujumbe wa sauti nione kama wamemwacha mama amalize.