Tathmini ya huduma ya maabara: kupima metali nzito katika kambale wa kijito chetu

Kikundi chetu cha wakazi wa bonde la Msimbazi kilipeleka kambale sita katika maabara moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, kwa kuwa tulitaka kujua kama samaki ambao vijana wetu huwavua katika kijito kinachoteremkia mtoni wana metali zenye sumu, yaani risasi, kadimiamu na zebaki, mwilini. Wakazi wa mabonde mengine wameanza kuulizia huduma hiyo, nami ningependa wajue mapema wanacholipia.

Tulichagua samaki badala ya chupa ya maji kwa sababu maji hupita: uchafu ukifunguliwa kijitoni usiku, asubuhi ukifika na chupa yako umekwisha kuteremka hadi Jangwani. Kambale hula kwenye tope, mahali ambapo metali hutuama, na alichomeza hudumu mwilini mwake muda mrefu. Isitoshe, anaweza kuvuta hewa juu ya maji, hivyo huendelea kuishi mahali ambapo samaki wengine wamekwisha kufa, na mnunuzi akimwona anarukaruka beseni humdhania mzima.

Mapokezi yalinifurahisha sana. Mtaalamu alituuliza samaki walivuliwa wapi, siku gani na walihifadhiwa katika nini, akapima urefu na uzito wa kila mmoja, kisha akawapasua mbele yetu kwa kisu cha plastiki ili chuma cha kisu kisiharibu sampuli. Mnofu, ini na matamvua aliviweka katika vichupa tofauti, akatueleza kwamba risasi na kadimiamu hujikusanya zaidi katika ini, figo na matamvua, ilhali zebaki hukaa sana mnofuni. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya kijito atazame ini, na anayeuliza habari za sahani yake aanze na mnofu, ingawa kwetu mchuzi wa kichwa cha kambale hauachwi, na matamvua yamo humo humo. Malipo ni kwa kila metali na kwa kila sampuli, na gharama hupanda haraka.

Kasoro ilikuwa katika karatasi ya majibu. Ilikuwa na muhuri, saini na safu ya namba zilizofuatwa na “mg/kg” peke yake. Tulipozilinganisha na kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, cha risasi katika samaki, yaani miligramu 0.3 kwa kilo, tulishtuka, na mama mmoja muuza samaki akataka kumwaga beseni zima. Nilipiga simu, nikaambiwa kwamba namba zile ni za nyama iliyokaushwa, wakati kikomo ni cha samaki mbichi. Takriban robo tatu ya uzito wa kambale mbichi ni maji, hivyo miligramu 1 kwa kilo kavu huwa kama 0.25 kwa kilo mbichi. Baada ya hesabu hiyo mnofu ulikuwa chini ya kikomo, lakini ini lilizidi mnofu kwa mbali, jambo linalotufanya tushuku kwamba kijito kinapokea uchafu. Neno moja kavu au mbichi lingetuepusha na taharuki. Kwenye zebaki waliandika “haikugundulika” bila kutaja kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kukiona, na jibu la namna hiyo halimsaidii mtu.

Kazi yao ya mezani naiamini, na nitarudi kwao. Anayekwenda aombe kwa maandishi, kabla ya kulipa, kwamba ripoti itaje kavu au mbichi, kiungo kilichopimwa na kiwango cha chini cha mashine. Asitegemee pia kwamba kukaanga kutaondoa risasi, kwani mafuta ya moto huua vijidudu tu. Tumeomba ripoti yetu iandikwe upya kabla hatujaipeleka serikali ya mtaa, na masika yakiisha tutapeleka kambale wa sehemu ya juu ya kijito, kusiko na karakana, tupate cha kulinganisha.