Programu ya kupangia kadi za kutengeneza kwa mkono: kabla ya kulipa, shika rula

Droo yangu ya chini ina vipande 40 vya karatasi ya dhahabu ambavyo siwezi kuvitumia, na roho hainiruhusu kuvitupa. Vilitakiwa viwe na upana wa milimita 97, vikae juu ya kadi ya A6 yenye upana wa 105, ubaki ukingo wa milimita 4 kila upande. Mashine ya kukatia karatasi ikavikata vyote, vikatoka na upana wa milimita 73 hivi. Juu ya kadi vilionekana kama mtoto aliyepotelea ndani ya koti la babake. Na programu niliyovichorea nilikuwa nimeilipia mwaka mzima!

Kwa hiyo sitakwambia programu ipi ina fonti nyingi. Zote zina fonti. Mimi nauliza jambo moja tu: milimita niliyoiandika kwenye skrini ndiyo itakayotoka kwenye karatasi?

Kilichoniponza ni faili la SVG, yaani faili la mchoro wa mistari ambalo mashine ya kukatia hulifuata. Zipo programu zinazohesabu inchi moja kuwa pikseli (vidoti vya skrini) 72, na zipo zinazohesabu 96. Faili likihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na vipimo vyake vimeandikwa kwa pikseli tupu, kila kitu kinabaki robo tatu. Piga hesabu: robo tatu ya 97 ni 72.75. Ndiyo hiyo droo yangu. Printa nayo ina ujanja wake. Ukiiacha ijipangie kutosheleza ukurasa, inapunguza kidogo, kimya kimya, na hutajua mpaka kipande kigome kukaa mahali pake. Iweke asilimia 100 kila mara.

Basi siku za majaribio zisiishie kwenye kuchezea maua na vipepeo. Chora mraba wa milimita 100, uchapishe, upime kwa rula. Kisha lihamishe faili hilo hilo kwenye programu ya mashine yako ya kukatia, upime tena. Programu ikishindwa hapo, mengine yote ni mapambo.

1. Inkscape. Napendelea, na sifichi. Ni ya bure, na hakuna anayenilipa kuisifu. Ilinipata kwenye mipangilio yake, ambako kuna rula iliyochorwa kwenye skrini: unabandika rula yako ya kweli juu ya kioo, unasogeza kitelezi mpaka mistari ilingane. Kuanzia hapo, ukitazama kazi kwa 1:1, kadi ya kwenye skrini ina ukubwa wa kadi ya mkononi. Mimi huchukua ua la karatasi nikaliweka juu ya kioo kabisa, nione kama litaziba maandishi. Kila tabaka la karatasi nalitengea leya yake, yaani tabaka lake ndani ya programu. Kwa kadi za kuchomoza, zile ambazo umbo huinuka ukizifungua, ndiyo kabisa: kiboksi kinachotokeza sentimita 4 mbele na kwenda juu 3, kadi ikifungwa, ncha yake inafika sentimita 7 kutoka kwenye mkunjo, kwa hiyo ndani ya kadi ya 10.5 kinajificha. Kifanye 6 kwa 5 uone kitakavyochungulia nje.

Kasoro zake? Ukiijaza picha nzito inajikokota. Na kama una michoro ya kabla ya toleo la 0.92, la mwaka 2017, ipime upya, maana hapo ndipo ilipohama kutoka hesabu ya pikseli 90 kwa inchi kwenda 96.

2. Affinity. Inafanya kazi kwa milimita vizuri, na inapendeza machoni kuliko Inkscape. Zamani ulilipa mara moja ikawa yako. Mwaka 2024 Canva, kampuni ya programu ya usanifu ya mtandaoni, wakainunua kampuni inayoitengeneza, na 2025 wakaifanya ya bure, ila ufungue akaunti kwao. Nasubiri nione hiyo bure itadumu mpaka lini.

3. Illustrator. Ubora wake sibishani nao. Lakini tangu 2013 Adobe waliamua matoleo mapya ni ya kulipia mfululizo. Mtu wa kadi mbili tatu kwa mwaka anakodi trekta kulimia bustani ya mchicha.

4. Silhouette Studio. Ni programu ya wanaotengeneza mashine za kukatia za Silhouette. Ichukue kama mashine yao unayo tayari. Toleo la bure halifungui SVG, lazima upande ngazi ya kulipia.

Canva yenyewe nzuri kuchagulia rangi na maneno, ila kupakua SVG ni kwa wanaolipia. Programu za simu, hapana.

Sasa hili la wauzaji. Bei wanaiandika ya mwezi, kwa herufi kubwa. Chini, kwa maandishi ya mchwa, unagundua mkataba ni wa mwaka, na ukitaka kutoka katikati unatozwa faini. Mimi nilisoma yale makubwa. Niliwaandikia wale wa programu yangu kuhusu vipande 40, nikaambatanisha na picha rula ikiwa juu yake. Jibu likaja baada ya siku tisa: wananishukuru kwa ubunifu wangu, na je, nimeshaviona violezo vipya vya msimu huu?